Mtoto alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Sisi wa chumba kimoja tunapangaje nyumba?

MamaBahati (Jumatatu, saa 4:10 usiku)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Huwa nasoma tu humu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu sitaki mwingine apitie niliyopitia wiki mbili zilizopita.

Tunaishi Pipeline hapa Nairobi, ghorofa ya nne, chumba kimoja. Kitanda, pazia, kisha meza ndogo na mahali pa kupikia. Bahati ana mwaka 1 na miezi 7. Gesi iliisha katikati ya mwezi nikarudi kwenye stovu, kama wengi wetu. Nikashuka duka la chini kununua mafuta ya taa ya shilingi hamsini, na kwa kuwa sikuwa na kidumu, nikawekewa kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Niliiweka chini ya meza, nyuma ya ndoo ya maji. Nilidhani nimeificha.

Jioni nilikuwa nasonga ugali nikasikia akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Ni kile cha mtu aliyepaliwa. Kugeuka hivi, chupa iko mkononi, kifuniko hakipo, fulana imelowa kifuani na harufu imejaa nyumba nzima. Mpaka leo sijui alimeza kiasi gani.

Nilipiga nduru. Majirani walikuja mbio, wengine bila viatu. Mmoja alileta maziwa kwenye glasi, mwingine akamwinamisha na kumtia kidole kooni ili atapike, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshika kichwa. Alitapika mara mbili. Nawashukuru majirani wale, na nitawashukuru maisha yangu yote. Lakini tulipofika hospitali swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mmemtapisha?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaagiza oksijeni.

Tulilazwa siku tatu. Mungu ni mwema, anapumua vizuri na ameanza tena kukimbia kwenye korido.

Sasa naomba msaada wa mambo mawili. La kwanza, nyumba ya chumba kimoja isiyo na kabati wala rafu unaipangaje mtoto asifikie vitu? Tafadhali msiniambie nihame, kodi ninayolipa ndiyo ninayoiweza. La pili, Jumatatu ijayo narudi kazini na Bahati ataanza deikea hapa mtaani. Niulize nini kabla ya kumwacha? Baada ya haya yaliyotokea siwezi tena kumwachia mtu mtoto kwa kuwa tu ana sura ya huruma.

MzaziMpya (Jumatatu, saa 4:31 usiku)

Pole sana dadangu. Nimeinuka saa hii hii nikaangalia chini ya sinki. Kuna dawa ya kupausha nguo niliyouziwa na yule anayepita na mkokoteni, iko kwenye chupa ya soda pia. Wangu ana miezi 10 na ameanza kujivuta. Nimeiondoa kabla sijaketi kuandika hapa.

NesiWaUsiku (Jumatatu, saa 5:15 usiku)

Mama Bahati, pole. Usijilaumu kwa kidole cha kooni, karibu kila mtoto wa mafuta ya taa ninayempokea ameshatapishwa na kunyweshwa maziwa njiani. Mimi ni muuguzi, wadi ya watoto, mwaka wa 11 sasa. Ngoja niwaeleze kwa nini daktari alinyamaza.

Mafuta ya taa yakifika tumboni hayafanyi makubwa. Ubaya wake uko kwenye mapafu. Ni mepesi, yanatambaa, na mtoto akipaliwa hata matone machache tu yanatosha kuchoma mapafu yakavimba. Sasa ukimtapisha, yale yaliyokuwa yameshashuka unayapandisha, yanapita tena mbele ya mlango wa hewa. Unampa nafasi ya pili ya kupaliwa. Maziwa nayo hayaui sumu hii. Yanajaza tumbo, na tumbo likijaa linatapika lenyewe. Ni vilevile kwa mayai mabichi, maji ya chumvi na mafuta ya kupikia. Usimpe chochote.

Mvue nguo zilizolowa, kwa sababu anaendelea kuvuta ule mvuke na ngozi yake inaungua. Mwoshe kwa sabuni na maji, haraka haraka. Mbebe akiwa wima, chukua na ile chupa, nenda hospitali hata kama anacheka. Dalili huweza kuchelewa, ndiyo maana hata asiyeonyesha shida tunamweka chini ya uangalizi kama saa 6 hivi. Wapo wanaoudhika, wanasema tumewapotezea muda. Afadhali muda upotee.

Kuhesabu pumzi kila mzazi anaweza. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua, tazama saa, hesabu dakika 1 nzima. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea kila akivuta hewa, au midomo inageuka rangi, au anasinzia usivyomzoea, usingoje kupambazuke. Hesabu hiyo itakufaa hata siku ya nimonia.

MzaziMpya, dawa ya kupausha na ile ya kuzibua sinki nazo hazitapishwi. Zinachoma zikishuka, zitachoma tena zikipanda. Halafu betri ndogo bapa za rimoti na za vitu vya kuchezea vinavyowaka taa, zile zinazofanana na kitufe: mtoto akimeza, nenda hapo hapo. Ikikwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakidhanii kabisa. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki. Vina rangi nzuri kama peremende, na mama huviweka kando ya kitanda asivisahau. Madini ya chuma yakizidi kwa mtoto mdogo yanaua. Kama una mimba na una mwingine anayetembea, vifungie. Na mkoba wa mgeni pia, hasa wa shosho mwenye dawa za presha, utundike juu mara anapoingia.

Ukishindwa na usafiri, 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199.

BabaPacha (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Nami niliishi chumba kimoja Kayole na pacha wa miaka miwili, naelewa unapotoka.

Nilichofanya: nilichukua penseli, nikamsimamisha mmoja juu ya kiti, nikamwambia anyooshe mkono juu ukutani. Pale vidole vilipofika nikaongeza mkono mmoja wangu, nikapiga mstari kuzunguka chumba chote. Kila kinachoua kilikwenda juu ya mstari. Unashangaa ukiona huo mstari uko juu kiasi gani. Vitu vingi nilivyodhani niko salama navyo vilikuwa chini yake, kisu, kiberiti, dawa ya mende, pasi.

Landilodi hakutaka misumari kabisa. Nilimwendea keateka, yule msimamizi wa jengo, nikamweleza ni kwa ajili ya watoto, akanikubalia miwili. Nikatundika ndoo ndogo yenye kifuniko. Kwa vile visivyotundikika, je, ulisoma shule ya bweni? Lile sanduku la bati ulilokwenda nalo kidato cha kwanza bado lipo kwa wengi wetu, limejaa nguo za zamani. Toa nguo, weka sumu na madawa, kidumu cha mafuta kikiwa kimesimama, tia kufuli. Ufunguo shingoni. Sikuwahi kununua kitu kingine chochote.

Na stovu au meko ya gesi yakikaa sakafuni, panga kitu cha kuziba njia wakati wa kupika. Sisi tulikuwa tunalaza benchi. Mkono wa sufuria unaelekea ukutani siku zote.

ShoshoGithurai (Jumanne, saa 2:05 asubuhi)

Wanangu, nimesoma hadi machozi yamenitoka. Hayo maziwa hata mimi ningeleta. Ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu, na nimewapa wake za wanangu ushauri huo huo. Kuanzia leo nimeuacha.

Nesi nikuulize. Kifungua mimba wangu alimwagikiwa na uji akiwa hajatimiza miaka miwili. Nilimpaka ute wa yai, jirani akaongeza unga. Kidonda kilioza, na kovu analo mpaka leo ni mtu mzima, ameoa. Siku hizi naona wanapaka dawa ya meno. Kipi ni sawa?

NesiWaUsiku (Jumanne, saa 3:40 asubuhi)

Shosho, shikamoo. Asante kwa kusema hivyo, sauti yako itasikika kwa wengi kuliko yangu.

Maji peke yake. Maji ya kawaida yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Watu humwagia mara mbili tatu wakaacha, kumbe joto bado liko ndani ya ngozi linaendelea kupika. Najua mtauliza, na kama ni siku ya mgao bomba kavu? Chota kwenye mtungi, mimina kwa kikombe taratibu. Mtungi wa lita 20, ukimimina kama lita 1 kila dakika, unatosha dakika 20 kamili. Kwa hiyo mtungi mmoja usikae mtupu nyumbani.

Vua nguo na bangili mapema kabla ya kuvimba, ila kilichogandamana na ngozi kiache. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, leso (kanga) iliyofuliwa inafaa. Sehemu nyingine ya mwili ikae na joto. Dawa ya meno, siagi, mayai, unga, majivu, vyote vinafungia joto na kuleta uchafu, na sisi tukimpokea inabidi tuvikwangue kidonda kikiwa kibichi. Kilio kile siwezi kukieleza.

Hospitali ni lazima kama sehemu iliyoungua inazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye kiungo. Na kikombe cha chai kinaweza kumwunguza mtoto hata dakika 15 baada ya kumiminwa. Usinywe chai umempakata.

FundiGrili (Jumanne, saa 7:15 mchana)

Mimi si mtaalamu wa watoto, mimi ni fundi wa vyuma Kariobangi, lakini kuna jambo naliona kila wiki na linanikosesha raha. Mama Bahati umesema ghorofa ya nne. Balkoni yenu au ile korido iko vipi?

Wenye majengo wengi wanapenda vyuma vilale, eti vinapendeza. Chuma kilicholala ni ngazi. Mtoto wa miaka miwili anapanda kama anavyopanda kitanda. Vyuma visimame wima, nafasi kati ya kimoja na kingine isizidi sentimita 10, maana mwili wa mtoto ukipita kichwa kinakwama, na nafasi ikiwa kubwa zaidi hata kichwa kinapita. Kama vimelala tayari na landilodi hataki kubadilisha, funga wavu wa chuma kwa ndani kuanzia chini mpaka juu, ubane kwa waya kila hatua. Si kazi ya siku nzima. Wapangaji wa korido moja wakichanga, kila mmoja anatoa kidogo.

Halafu ondoeni vya kukanyagia. Kreti, mitungi, viti vya plastiki, ndoo iliyopinduliwa. Chuma kirefu hakina maana kama kando yake kuna kreti.

Na kule juu mnakoanika nguo! Kina mama, najua hamna mahali pa kumwacha mtoto, mnapanda naye. Mikono yote miwili iko kwenye kamba, naye anatembea kwenye paa lenye ukingo wa magotini. Mwachie jirani dakika hizo kumi, au mfunge mgongoni kwa leso.

La mwisho, dirisha lenye grili liwe na sehemu moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo utundikwe karibu pale mtu mzima anapofikia gizani. Nimeitwa kukata grili nyumba ikiwa inawaka. Sitasahau.

MzaziMpya (Jumanne, saa 7:50 mchana)

Hapo kwa kuanika nguo umenigusa. Kesho naongea na jirani wa mlango wa pili.

MleziWaMtaa (Jumanne, saa 3:30 usiku)

Ndiyo nimemaliza kuwarudisha wa mwisho, samahani nachelewa kuchangia. Nina kituo cha kulelea watoto Mathare, mwaka wa sita. Watoto 12, na wasaidizi wawili. Nitasema ukweli hata kama wenzangu wa kazi hii watakasirika.

Usiulize maswali tu, nenda uone. Na usiende asubuhi wakati wa kupeleka, wakati huo kila kituo ni kizuri. Nenda saa 4 asubuhi au saa 9 mchana bila kuwaarifu. Kituo kisichotaka mzazi afike bila taarifa, ondoka. Ukifika, hesabu watoto, hesabu watu wazima. Mtu mmoja na watoto ishirini hawezi, hata awe malaika. Tazama wanapikia wapi. Kama jiko liko kwenye chumba kile kile wanapotambaa, hapana. Tazama maji yamehifadhiwa vipi. Kwangu hakuna ndoo iliyo wazi, ni mitungi yenye mdomo mdogo, na pipa lina kifuniko chenye jiwe juu. Mtoto mdogo kichwa ndicho kizito, akiinama kwenye ndoo anatumbukia kichwa kwanza, hawezi kujirudisha wala hapigi kelele. Karai lenye maji ya kufulia lisiachwe hata ukisikia simu inalia.

Sasa lile zito. Wapo walezi wanaowanywesha watoto dawa ya mafua ili walale. Ile dawa inaleta usingizi, na duka la dawa linaiuza kwa bei ndogo. Mtoto mdogo akizidishiwa anaweza kuacha kupumua. Dalili: unamchukua jioni mwili umelegea, macho mazito, usiku halali kabisa, chakula ulichobeba kimerudi, nepi karibu kavu tangu asubuhi. Siku moja inaweza kuwa uchovu. Ikirudiarudia, mtoe.

Nairobi ina sheria ya kaunti ya vituo hivi tangu 2017, na kituo kinatakiwa kusajiliwa. Omba uone cheti. Mimi kilinichukua muda na pesa lakini kimetundikwa mlangoni.

Naomba pia niwaambie wazazi. Kuna mzazi anampa mtoto dawa ya homa saa 11 asubuhi, ananiletea bila kusema neno kwa kuogopa nitamkataa. Saa 5 mtoto anawaka kama jiko. Mimi sijui alipewa nini wala saa ngapi. Nikimpa tena labda namzidishia, nisipompa naogopa degedege. Niambieni ukweli. Sitamfukuza mtoto, nitamtenga kidogo na kukupigia simu. Na kile kipimo cha plastiki kinachokuja na dawa kibebeni, kijiko cha chai cha nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake.

Na lipeni kwa wakati. Mshahara wa msaidizi wa pili unatoka kwenye zile shilingi mnazosema mtaleta Ijumaa.

MamaSouthB (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Pole Mama Bahati. Mimi nina yaya nyumbani na nilichofanya ni kuweka kamera. Naona kila kitu kwa simu nikiwa ofisini. Pia huwa nafunga mlango kwa nje nikitoka, kwa sababu ploti yetu ina watu wengi wanaoingia na kutoka na sitaki mtoto atolewe nje bila mimi kujua. Nashauri walio na uwezo wafanye hivyo.

NilikuwaYaya (Jumanne, saa 4:40 usiku)

MamaSouthB, kwa heshima zote, nakuomba usifunge huo mlango kwa nje. Nakuandikia nikiwa natetemeka.

Nilikuja Nairobi kutoka Kitui nikiwa na miaka 19. Nyumba ya pili niliyofanyia kazi nilikuwa nafungiwa na watoto wawili kuanzia saa 12 asubuhi. Siku moja nyaya za stima nyuma ya friji zilianza kutoa moshi. Nilijaribu mlango. Nilijaribu dirisha, grili haikuwa na pa kufungua. Nilimlaza mdogo sakafuni karibu na ule mwanya wa chini ya mlango apate hewa, nikapiga sufuria ukutani mpaka jirani akasikia na wakavunja kufuli. Moto haukuwa mkubwa, ndiyo maana niko hapa naandika. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa nini kufuli imevunjwa.

Kuhusu kamera sina neno, ni nyumba yako. Lakini kamera inakuonyesha mtoto akipaliwa ukiwa mjini, haimpigi mgongoni. Katika nyumba tatu nilizofanya kazi hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha la kufanya mtoto akipaliwa, wala kuniachia nauli ya kumfikisha hospitali, wala namba ya mtu wa pili kama yeye hapatikani. Nilifundishwa kupiga pasi na kupika chapati. Mtoto wake alikuwa mikononi mwangu saa kumi na tatu kwa siku.

Keti naye jioni moja tu. Mwonyeshe. Utalala vizuri.

NesiWaUsiku (Jumatano, saa 1:10 asubuhi)

NilikuwaYaya, asante, nimesoma wadi nzima ikiwa imelala. Niweke hapa hiyo ya kupaliwa, mumwonyeshe yeyote anayebaki na mtoto.

Akiwa anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, usimtie kidole, unaweza kukisukuma kile kitu ndani zaidi. Akiwa hatoi sauti na hawezi kuvuta hewa: aliye chini ya mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige katikati ya mabega kwa kiganja mara 5. Kisipotoka mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua, bonyeza mara 5. Rudia. Aliyezidi mwaka 1, mwinamishe mpige mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Akizimia, mlaze chini, anza kumbonyeza kifua, mtu mwingine aite msaada.

Vinavyowapalia sana ni njugu, bisi, peremende ngumu, vipande vya soseji na zabibu nzima. Na mabuyu. Kaka yake anatoka shule na pakiti, mdogo anaomba moja, na ile mbegu inalingana kabisa na njia ya hewa. Chini ya miaka 5 hapana.

MamaSouthB (Jumatano, saa 2:25 asubuhi)

NilikuwaYaya, nimekusoma jana usiku nikashindwa kulala. Leo sijafunga mlango. Nimemwachia ufunguo wa pili, nimemwachia nauli kwenye kopo, na jioni tunaketi pamoja tufanye hiyo ya kupaliwa tukitumia mwanasesere. Asante kwa kuniambia bila kunitukana.

MwalimuPP1 (Jumatano, saa 10:45 jioni)

Nafundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea. Mnazungumzia moto na sumu, naomba niongeze lile ambalo watu wanaona aibu kulitaja, watoto kudhulumiwa kingono.

Wafundisheni watoto majina halisi ya viungo vyao, vyote, tangu wanapoanza kuongea. Mtoto aliniambia kwa muda mrefu kwamba mtu fulani wa kwao anamshika "keki yake". Nilidhani ni chakula. Hakuwa na neno lingine, na mimi nilichelewa kumwelewa. Hilo nalibeba.

Msimlazimishe kumkumbatia mgeni wala ndugu. Mwambieni hakuna siri ya mwili kati yake na mtu mzima. Akikwambia jambo, usipige kelele, usimwulize mara kumi, mwambie umemwamini. Usimwogeshe. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki. Hospitali siku hiyo hiyo, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Namba 116 ni bure, mchana na usiku, ni ya watoto. Kesi isimalizwe kwa mazungumzo ya wazee wa familia, tafadhali.

BabaPacha (Jumatano, saa 2:15 usiku)

Mwalimu, asante.

Niongeze fupi kwa sababu baridi ya Juni na Julai haiko mbali. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kupasha chumba joto mkilala. Moshi ukishaisha watu hudhani ni salama. Hewa yake haina harufu wala rangi, inawalaza wote. Mkiamka nyote kichwa kinauma, mnahisi kutapika, si malaria ya familia nzima. Fungueni mlango, tokeni nje na watoto kwanza.

MamaBahati (Jumapili, saa 3:05 usiku)

Nimerudi. Nimesoma kila mmoja wenu, mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Sanduku la bati la shule lilikuwa kwa mama Machakos, limeletwa na matatu Ijumaa. Mstari wa penseli tumeupiga. Kwenye korido tumechanga milango saba kati ya minane, wavu unafungwa wiki hii, na keateka amesema atamweleza landilodi yeye mwenyewe. Deikea ya kwanza niliyokuwa nimeahidiwa nilikwenda Alhamisi saa 9 mchana. Nilikuta watoto kumi na tisa wote wamelala, wote, hakuna hata mmoja anayegeuka. Nilisimama mlangoni nikakumbuka maneno ya MleziWaMtaa. Nikaondoka. Nimepata nyingine mbali kidogo, dakika kumi na tano kwa miguu, ina watoto tisa na cheti kiko ukutani. Nilimkuta mama wa pale amempakata mmoja anayelia, amemwinua mwingine kwa mkono mwingine, na hakuona haya niione kazi ilivyo.

Nilishuka pia kwa yule wa duka. Niliogopa ataona namlaumu. Nilimweleza tu, nikampa vidumu vitatu vitupu nilivyoviokota. Akanyamaza, akaniambia ana mjukuu wa umri huo huo nyumbani. Jana nimemsikia akimwambia mteja, kwa chupa ya soda siweki, chukua kidumu hiki urudishe.

Kinachoniuma bado ni kwamba Bahati akiona chupa yoyote ya soda, hata ya jirani, anainyooshea mkono. Hajui kilichompata. Kwa hiyo soda haiingii hapa kwetu kwa sasa, hata wageni tunawapa chai.

NesiWaUsiku (Jumapili, saa 3:50 usiku)

Nimefurahi mno. Swali moja tu, ana miezi 19 sasa. Ile chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18 alipata? Wengi wanapata ya miezi 9 wanadhani wamemaliza. Na vitamini A ya kila miezi 6?

MamaBahati (Jumapili, saa 4:00 usiku)

Nimetoa kijitabu cha kliniki nikaangalia. Ya miezi 18 iko tupu. Kesho ni siku yangu ya kwanza kazini lakini Alhamisi niko huru asubuhi, nitampeleka.